Waliokula Jina

Tundu lilikuwa palepale palipokuwa na jina, na hilo ndilo lililomkera Sajini Emmaculate Nyale. Karatasi nzima ilikuwa salama: bismillahi juu, tarehe, na chini saini za mashahidi wawili. Ila katika mstari wa sita, baada ya maneno "chumba cha uani na ua wake nampa", palikuwa na uwazi wa upana wa vidole vitatu, kingo zake zimetafunika. Nyale alikuwa amepeleleza kesi Kisauni kwa miaka kumi na mmoja na hajapata kukutana na mdudu ajuaye kusoma.

"Si mdudu huyo," alisema Maalim Mahfudh. "Ni mtu. Amekwangua, kisha anasingizia mdudu."

Walikuwa Junda, chumbani mwa marehemu Bi Johari, Jumatano saa tatu asubuhi. Mvua ya masika ilikuwa imepumzika kidogo, lakini kuta za chumba zilitoka jasho kama zilizokimbizwa. Mahfudh, mwana wa marehemu, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na fundi wa kujalidi vitabu, kanzu yake safi na maneno yake yamepangwa. Ndiye aliyekwenda kituoni kushtaki. Dada yake Nadira, aliyetoka kwake Changamwe, upande wa Airport, alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama yao akipindapinda ncha ya mtandio. Mshtakiwa alisimama mlangoni, mikono nyuma. Jina lake Dama, mama wa makamo mwenye asili ya Ganze, aliyefanya kazi katika nyumba hiyo miaka kumi na minne, na saba ya mwisho alimuuguza Bi Johari aliyekuwa hawezi kutoka kitandani.

Mahfudh alieleza, na alieleza vizuri. Mama yao alifariki siku thelathini na nane zilizopita. Ijumaa ni hitima ya arubaini, na baada ya hitima wasia utatekelezwa mbele ya jamaa. Nyumba kubwa ni ya warithi, yaani yeye na Nadira, na sheria ya dini haimruhusu mtu kumwandikia mrithi wake wasia. Asiye mrithi ndiye anayeweza kuandikiwa, tena isizidi thuluthi ya mali. Kwa hiyo karatasi ile ilihusu chumba cha uani peke yake, na aliyeandikiwa ni Jumaa, mwana wa Mahfudh, mtoto wa miaka tisa. Mjukuu ambaye baba yake yu hai si mrithi. Kila kitu kilikuwa sawasawa kisheria.

"Na ushahidi huu hapa," akasema, akamnyoshea simu.

Ilikuwa picha ya karatasi ileile, nzima, bila tundu. Mstari wa sita ulisomeka wazi: nampa mjukuu wangu Jumaa. Mahfudh alisema aliipiga siku ya tatu ya matanga, hapohapo chumbani, akairudisha karatasi ndani ya sanduku na sanduku likafungwa. Ufunguo alikuwa nao Dama tangu uhai wa marehemu. Jumatatu iliyopita walipofungua, yeye na Nadira, wakakuta hivi. Na Dama alipoulizwa akatamka mwenyewe kwamba Bi alimwambia chumba kile ni chake.

"Kumbe ndiyo sababu," Mahfudh akamalizia. "Jina likishapotea, atadai ni lake. Ijumaa atoke. Ama atoke na virago vyake, ama atoke na nyinyi."

Nyale alimgeukia mama yule mlangoni. Alimwamkia shikamoo, maana alikuwa na umri wa mama yake, na alipoitikiwa marahaba aliona jinsi Mahfudh alivyopandisha nyusi. Nyale mwenyewe ni mtu wa Kaloleni, wa kabila moja na Dama. Alijua akimtetea Dama kabla ya wakati itasemwa kituoni kwamba ametetea damu yake, na akajiapia kwamba katika kesi hii hatasema neno ambalo halina kitu cha kushikika nyuma yake.

Dama alijibu maswali kwa ufupi. Tangu kifo alilifungua sanduku mara nne. Kwanza siku ya mazishi, kutoa sanda ambayo Bi Johari alikuja nayo kutoka Makka miaka mingi nyuma. Mara ya pili siku ya tatu ya matanga, Maalim alipotaka kupiga picha. Jumapili iliyopita Maalim alitaka tasbihi ya mama yake, Dama akamfungulia na kumwacha atafute. Na Jumatatu ndiyo hiyo iliyozua balaa.

"Ile siku ya picha, ulikuwepo akipiga?"

"Hapana. Nyumba ilikuwa na wageni, nilikuwa na masufuria motoni. Aliniita baadaye nikaja kufunga."

"Uliiona karatasi ndani ulipofunga?"

"Sikutazama, mwanangu. Karatasi haikuwa yangu."

Nyale aliinama juu ya sanduku. Lilikuwa sanduku la njumu, lililopambwa kwa misumari ya shaba, zito, na kifuniko kilipoinuliwa harufu ya karafuu maiti ilimpiga puani mpaka machozi yakamlenga. Bi Johari alikuwa ameihifadhi sanda yake kwa vidonge vya karafuu maiti, kama wanavyofanya wazee wanaojiandalia safari mapema, na vidonge vilikuwa bado vimetapakaa chini, vyeupe. Nyale aliandika jambo hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari, ingawa wakati huo hakujua kwa nini.

*

Phineas, aliyeitwa na Nyale, alifika saa tano, pampu mgongoni. Kazi yake ilikuwa kupiga dawa maghala ya nafaka Kongowea, na kwa wadudu hakuwa na mpinzani: mchele wako ukimwonyesha kwa mbali alikutajia kilichoula na kilianza lini. Nyale alimweka dirishani na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, akamwuliza swali moja tu. Mtu au mdudu?

Phineas alitoa lenzi yake, akatazama mbele, akatazama nyuma. Hakuharakisha. Mchwa, alisema, angeacha udongo, na asingeishia hapo. Panya huchana. Mende huacha kinyesi kikubwa na uvundo. Wembe wa mtu hukata nyuzi za karatasi, na hapa nyuzi hazikukatwa, zimelambwa taratibu mpaka karatasi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, ndipo ikatoboka. Kisha akamwonyesha Nyale vidoa vya manjano vilivyoachwa na mdudu kandokando ya tundu, na chembe nyeusi ndogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa, na unga unaong'aa uliogandia kwenye nyuzi.

"Magamba hayo," akasema. "Kidudu cha rangi ya fedha. Urefu wa kucha yako, kipana kichwani, chembamba mkiani, na mkiani kina nyuzi tatu. Hakina mabawa. Ukiwasha taa kinakimbia kwa kujinyonganyonga."

Nadira alisema anavijua, kwake vimejaa nyuma ya makochi. Dama alisema anavijua. Kila mtu Mombasa anavijua, ila hakuna aliyewahi kuviona vikishtakiwa.

Kwa hiyo ni mdudu, na Mahfudh amekosea. Hapo Nyale angeweza kufunga daftari akanywe chai. Lakini swali la asubuhi lilikuwa bado linamwasha. Kwa nini jina tu? Phineas alikiri kwamba hata yeye hajui. Vidudu hivi, alisema, havipendi karatasi kavu kiasi hicho. Vinapenda unyevu, giza na wanga: gundi ya vitabu, nguo zilizotiwa wanga, makombo ya mkate. Halafu akanusa sandukuni, akarudi nyuma akipiga chafya.

"Na humu, Sajini, havikai. Karafuu maiti hii ingewafukuza hata wenye nyumba."

Nyale alimwuliza kama anaweza kuapa. Phineas alisema hawezi kuapa kwa niaba ya mdudu, lakini anaweza kumwuliza mdudu mwenyewe. Aliomba chupa nne za kioo, zile za jemu. Akazizungushia utepe wa karatasi kwa nje, ili kidudu kipate pa kukwea, na ndani akatia kijiko cha unga wa ngano na kipande cha mkate. Kidudu hupanda kwa utepe, hutumbukia, na kioo kinateleza hakimpi njia ya kutoka. Kesho asubuhi wangehesabu. Palipo na maskani yao, chupa itajaa.

Chupa ya kwanza iliwekwa ndani ya sanduku, ya pili jikoni, ya tatu chumbani kwa Dama. Chumba hicho kilikuwa cha uani, kimepakana na bafu, chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa na dirisha moja lililofungwa. Nyale alijaribu kulisukuma likagoma. Upande wa pili, ujiani, maboksi ya Mahfudh ya karatasi na ngozi za majalada yalikuwa yamepangwa mpaka juu, yameliziba.

"Mbona huwaambii wayaondoe? Chumba kimeoza unyevu."

"Chumba cha watu, mwanangu," alisema Dama. "Nimwambie nani?"

Chupa ya nne Nyale aliipeleka mwenyewe kwenye karakana ya Mahfudh, chumba kirefu upande wa barabara. Mahfudh hakukataa, ila alicheka kidogo na kusema kwamba atachekwa chuo kizima. Akamwonyesha kazi yake. Kulikuwa na misahafu inayosubiri jalada jipya, juzuu za watoto zilizochakaa, mbao za kukandamizia zenye mawe juu yake, visu vya kuparia ngozi vyenye makali ya kutisha. Mezani palikuwa na sufuria ya gundi, na alipoona Nyale anaitazama akaanza kueleza kwa furaha ya kweli. Ni uji wa wanga wa muhogo, alisema, si hii gundi ya dukani. Baba yake alimfundisha. Unaupika, ukipoa unatia shabu iliyosagwa, na mwisho unatia shubiri mpaka uwe mchungu kiasi kwamba mdudu akionja anahama mtaa.

Alichukua juzuu moja kuukuu rafuni. Baba yake aliijalidi kabla Mahfudh hajazaliwa, na mgongo wake ulikuwa mzima. "Hakuna mdudu aliyewahi kugusa kazi ya baba. Wala yangu, wallahi."

Nyale alimwomba aiazime. Mahfudh alimpa kwa mikono miwili, na Nyale alimpenda kidogo wakati huo, jambo lililomtia hasira baadaye.

*

Alhamisi asubuhi walihesabu. Chupa ya sandukuni ilikuwa tupu kabisa, unga mweupe haukuguswa. Ya jikoni ilikuwa na vidudu viwili. Ya karakana ilikuwa na thelathini na kimoja, vimelundikana chini ya mkate vikijinyonganyonga, na Phineas akapiga mluzi.

Ya chumbani kwa Dama ilikuwa na kumi na tisa.

Mahfudh alikuwa wa kwanza kusema. Ikiwa sandukuni havikai, basi karatasi ilitolewa ikawekwa kwingine. Kwake havikosekani, fundi wa vitabu hawezi kuvikosa, lakini yeye hakuwa na ufunguo. Mwenye ufunguo ndiye huyu, na kwake kuna kumi na tisa. Alikuwa ameiba karatasi, akaificha chini ya godoro lake, ikaliwa, akairudisha. Mambo yenyewe yanajieleza.

Nyale alikiri moyoni kwamba yanajieleza. Tena yanajieleza vizuri kuliko alivyotaka. Alimtazama Dama. Hakulia. Aliuliza tu kama Ijumaa wangemruhusu apike kwanza chakula cha hitima, kwa sababu Bi Johari alimwagiza yeye, si mwingine, ndipo atoke.

"Hujaambiwa utoke," alisema Nyale.

"Lakini nitatoka," Dama akasema.

Nadira aliinuka akaenda kusimama barazani. Nyale alimfuata, akamwomba simu yake. Alitaka kuiona ile picha kama ilivyofika kwake, si kama ilivyo kwa Mahfudh. Ilikuwa imefika siku ya tano ya msiba, saa kumi jioni. Mahfudh alisema aliipiga siku ya tatu. Nadira alieleza kwamba msiba ni msiba, mtu hukumbuka kutuma anapokumbuka. Hilo lilikuwa kweli. Nyale aliomba atumiwe picha hiyo, akarudi kituoni.

*

Alikaa mezani tangu saa sita mpaka alasiri, karatasi upande mmoja, picha upande wa pili. Wenzake walimpita wakimtania kwamba ameanza kusomea ukadhi.

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kidogo mno. Bi Johari alikuwa mtu wa kubana karatasi. Kila mstari aliuandika mpaka ukingoni, neno lisipotosha akalikunja likashuka pembeni. Lakini kwenye picha, mstari wa sita ulikatika njiani. Baada ya "mjukuu wangu Jumaa" palikuwa na nafasi tupu, pana, kisha maneno yanaendelea mstari wa saba. Mwanamke aliyeandika hata kwenye pembe, aliacha nafasi mahali pamoja tu katika maisha yake, na ni hapo.

Nyale aliitazama karatasi yenyewe. Upande wa kulia wa tundu, pale penye nafasi tupu, aliishika kwa koleo ndogo na kuilaza ubavuni mwa taa ya meza. Mwanga ulipopita sambamba na karatasi, kukatokea ukingo. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa buibui, umeparwa kwa kisu chenye makali ili kidole kisiuhisi. Karatasi hapo ilikuwa mbili. Kipande kilikuwa kimebandikwa juu ya karatasi, cha rangi ileile, mistari yake imelingana na ya chini kwa mkono wa mtu anayejua kazi.

Alikaa kitako na kupumua.

Basi vidudu havikujua kusoma. Vilifuata gundi. Mstari wa sita ulikuwa na wanga, mingine haikuwa nao, na vilikula kipande kilichobandikwa, vikala na karatasi ya chini iliyonyonya uji, mpaka vikatoboa. Vilikuwa havijamaliza mkia wa kipande tu.

Lakini aliyebandika kwa gundi ni fundi, na gundi ya fundi huyu mdudu haigusi. Yeye mwenyewe alimwonyesha.  Hapo wakili yeyote angemshika pabaya: Maalim anatia shubiri, vidudu vimekula, basi aliyebandika si Maalim.

Mafunzo ya upelelezi hayaruhusu kuonja ushahidi, na Nyale hatakiri popote kwamba alifanya hivyo. Alifunga mlango. Alichukua sindano, akakwangua chembe ya gundi kavu mgongoni mwa ile juzuu ya baba yake Mahfudh, akaitia ulimini. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni, na kikombe kizima cha maji hakikuuondoa. Alisubiri, akasukutua mdomo, kisha akakwangua chembe ndogo kuliko hiyo chini ya ukingo wa kile kipande.

Haikuwa na ladha yoyote. Ulikuwa uji mtupu, na kwa mbali utamu wa muhogo.

 Fundi ambaye maisha yake yote hakuacha shubiri, mara moja tu aliiacha. Kwa nini? Akaifungua juzuu kuukuu ili aitazame vizuri, na jibu lilikuwa mbele yake katika kila ukurasa. Kila mahali gundi ilipopita, karatasi ilikuwa na doa la manjano.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi aliwaita wote chumbani mwa Bi Johari: Mahfudh, Nadira, Dama, Phineas, na Mzee Boga, shahidi mmoja wa wasia aliyebaki hai. Uani masufuria ya hitima yalikuwa yameshatelekwa. Mzee Boga alieleza kwamba Bi Johari aliyafunika maandishi kwa kiganja na kuwaonyesha pa kutia saini tu, maana alisema siri yake wataijua akishafukiwa.

Nyale aliomba birika la maji yanayochemka. Dama alilileta mwenyewe. Mahfudh alipoona karatasi inatolewa mfukoni na kushikwa juu ya mvuke, alisimama.

"Utaiharibu," alisema. "Huo ni wasia wa mama yangu."

"Keti, Maalim. Haiharibiki. Hii ni gundi ya wanga, wewe unaijua kuliko mimi."

Mvuke ulipanda. Nyale alihesabu kimyakimya mpaka ishirini, akashika koleo, na mkia wa kile kipande ukaachia taratibu bila kuchanika. Akauweka kando. Chini yake palikuwa na neno moja, kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri, limebanwa mpaka ukingoni. Alimpa Nadira, si mwingine, asome.

Nadira alisoma kwa macho kwanza. Kisha akasoma kwa sauti.

"Aliyeniuguza."

 Nje mtu aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Jina limeliwa," alisema Nyale. "Hilo halitarudi. Lakini Bi Johari ametuachia sifa ya mwenye jina. Maalim, Jumaa ana miaka tisa. Alimuuguza bibi yake lini?"

Mahfudh alisema mtu yeyote angeweza kubandika. Alisema Dama angeweza. Nyale hakubishana. Alimweleza tu kwa utulivu alivyoona. Siku ya tatu alipoachwa peke yake na sanduku, aliondoka na karatasi. Alihitaji siku mbili za kuiga mwandiko, kubandika na kukausha, ndiyo maana picha ikatumwa siku ya tano. Kisha akaiacha chini ya mawe yake ya kukandamizia isije ikajikunja, na masika yakaingia, na vidudu thelathini na kimoja, pamoja na ndugu zao, wakapata chakula. Jumapili alipokwenda kuitoa, akakuta tundu. Tasbihi ilikuwa kisingizio cha kuirudisha. Na kwa kuwa tundu lilihitaji mwenyewe, akalitafutia mwenyewe.

"Huwezi kuthibitisha," alisema Mahfudh.  "Kila mtu hapa anaijua gundi yangu. Gundi yangu haina mdudu."

"Kweli. Hilo ndilo lililonisumbua jana kutwa." Nyale aliifungua ile juzuu ya zamani, akaiweka magotini mwake. "Kazi ya baba yako mdudu hakuigusa miaka yote hii. Hiki kipande wamekimaliza kwa mwezi mmoja. Ni fundi gani huyu, Maalim, aliyesahau shubiri?"

Mahfudh aliitazama kazi ya baba yake. Alipitisha kidole juu ya yale madoa ya manjano, taratibu, kama anayesoma.

"Sikusahau," alisema. "Ingetia doa."

Alisikia mwenyewe alichosema. Nadira alijifunika uso kwa mtandio.

Nyale hakumtia pingu. Alimwambia atakaa naye mpaka hitima ya mama yake isomwe, kisha watakwenda kituoni pamoja kuandika maelezo, na juzuu na kipande vitakwenda nao. Mzee Boga alisema hilo ni la kiungwana. Phineas alianza kueleza jinsi ya kuwamaliza wale vidudu. Dawa ni jambo la mwisho, alisema. Kwanza maboksi yote yatoke, kwa sababu ndani ya maboksi ndimo wanamozaana, hata wale kumi na tisa wa chumbani kwa Dama. Nguo na vitabu vianikwe juani. Nyufa zizibwe, kuta zipakwe chokaa, bomba la bafuni linalovuja likazwe. Na chumba cha uani kipate hewa, la sivyo hata akipiga dawa mara kumi watarudi.

Dama alikuwa amesimama palepale mlangoni aliposimama Jumatano, mikono nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, hatua mbili, tatu, akasimama mbele ya Mahfudh. Nyale alidhani atamlaani, na hangemzuia.

"Maalim," alisema Dama kwa adabu ileile ya miaka kumi na minne, "kabla hujaenda kusoma. Nakuomba uniondolee maboksi yako dirishani kwangu."

Mahfudh aliinuka. Alikunja mikono ya kanzu, akatoka ujiani, na wote wakamsikia akiyabeba moja moja. Lilipotoka la mwisho, Dama alikwenda akalisukuma dirisha kwa viganja viwili. Liligoma, likalia bawabani, kisha likafunguka.